Pima Kumi na Tisa

Kila Jumatatu, kabla jua halijafika ngazini,
nipo mbele ya ubao wa matangazo wa Baraza, hapa Wete,
na daftari langu la kurasa tisini na sita
na miwani ya marehemu Shaame,
mkono mmoja wa plastiki, mmoja wa uzi.

Mie si mkandarasi. Mie msusi wa majamvi.
Lakini mwaka juzi walitangaza: ugavi wa majamvi,
vipande arubaini, kwa vyuo na skuli za maandalizi,
nikasema, hii riziki inanijua jina.
Nikakata leseni. Nikatafuta nambari ya mlipakodi.
Nikalipia fomu. Nikaambiwa niweke dhamana,
nikauliza, huyo Dhamana ni mtoto wa nani? Wakacheka.
Bahasha nikaipiga lakiri nyekundu,
mikono yanitetemeka kama siku ya posa.

Majamvi yalikuja. Ya plastiki, yana picha ya tausi.
Mshindi sikumwona, ukoo wake siujui;
jina lilibandikwa siku tatu
likafunikwa na tangazo la chanjo ya mbwa.

Tangu hapo naandika.

Zabuni gani, lini imetoka, lini imefungwa
(moja ilifungwa Ijumaa, ikabandikwa Jumatatu,
nimeiandika vivyo hivyo, sikutia chumvi),
nani kapata, kwa shilingi ngapi,
na safu ya mwisho, niliyoipigia mstari mwenyewe: Ipo?
Taa za soko la samaki: zipo, mbili haziwaki.
Choo cha stendi: kipo, ufunguo haupo.
Rangi ya skuli: ipo, upande wa barabarani.
Kibali cha kutoza ushuru wa maegesho: Mbarouk wa Bi Hidaya,
na huyu simsemi, risiti anatoa.
Mtaro wa nyuma ya soko: mita mia moja na ishirini.

Hapo kalamu ikagoma.
Mita mie sina. N'nazo pima.
Mjukuu wangu Saumu akapiga hesabu ubavuni mwa boksi la sabuni:
"Sitini na sita, bibi, na kitu kidogo."
Nikatwaa mzingo wa ukili, chane saba,
niliokuwa nimeuwekea jamvi la harusi,
nikakata pima sitini na sita, hicho kitu kidogo nikawasamehe,
nikafunga ncha kwenye jiwe la kwanza la mtaro
nikaanza kurudi kinyumenyume, naufungua,
wauza ndizi macho kodo,
Bi Mchanga wa vitumbua ananiuliza, "We Time, umerogwa?"
"Njoo ushike hapa," nikamwambia, "na usiachie."

Mtaro ukaishia kwenye ukuta wa bucha.
Ukili haukwisha.
Nilihesabu mara mbili, ya pili kwa sauti:
pima kumi na tisa zimebaki mkononi.
Masika ikija, kumi na tisa hizo
ndizo zinazolala chumbani kwa Bi Mchanga,
chini ya kitanda, pamoja na unga wake.

Nikaupeleka mezani kwa afisa manunuzi,
Khatib, kijana wa watu, mama yake nimecheza naye kombolela.
Akaugusa kwa kidole kimoja.
"Bibi, ukili si kipimo halali."
"Basi nyanyua kilicho halali, twende."
Akatazama saa. Akatazama feni.
Akasema faili liko Unguja.

Jumatatu hii nimekuta ubao umevishwa kioo
na kufuli jipya, la shaba, lang'ara kama jino la bandia.
Karatasi zimepandana humo ndani,
ya juu yaonesha kichwa, ya chini yaonesha sahihi.
Sikugomba. Nimekifuta kioo kwa upindo wa mtandio,
nimesoma kinachosomeka, nimeandika.
Kisha nimegonga dirisha la Khatib, taratibu:
"Mwanangu, na hiki kioo,
zabuni yake mliibandika wapi?"